Fredrick, Ulikimbilia Ubao

Baba Mdogo, unayekiongoza kikao hiki mahali pa marehemu baba yetu; Mchungaji; wazee wa ukoo wetu; wajumbe mliotoka Iguhu kwa niaba ya Fredrick; mashangazi; mama yangu; na nyinyi majirani mlioacha kupalilia miwa yenu ili mje kushuhudia: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake.

Mmeniita nitamke neno moja. Kwa desturi ya nyumba hii, mdogo hamruki mkubwa. Ruth hawezi kuolewa mimi dada yake nikiwa bado nyumbani, isipokuwa nisimame mbele ya ukoo niseme kwamba nimeridhia. Mposaji naye, kwa desturi hiyo hiyo, haketi katika mazungumzo. Basi mtu ninayetaka kumjibu hayupo. Nimemwandikia barua. Nitaisoma mbele yenu, kisha wajumbe wake watampelekea, asije akasema alisimuliwa nusu.

Fredrick,

Sianzi na neno "mpendwa". Nililitumia sana miaka ile uliyokuwa masomoni ng'ambo, na sasa limeniishia.

Ulirudi wakati miwa ilikuwa imetuinua sote hapa Kabras. Nyumba zilikuwa zinavuliwa nyasi na kuvikwa mabati, na ving'ora vya kiwanda vilikuwa vimechukua kazi ya majogoo. Ulirudi injinia wa mitambo ya mvuke, na mgongoni ulibeba gunia refu ambalo mama yako alidhani ni la vitambaa. Ndani ulikuwa ubao wa kutelezea theluji.

Unakumbuka usiku ulipokula kwetu mara ya kwanza? Mama alipakua obusuma, ugali wetu, nawe ukaufinyanga ukawa mlima mbele ya wazee. Ukachukua kijiko, ukakiinamisha, ukakishusha kwa upande mpaka kikaacha mkunjo safi tangu kileleni. "Hivi ndivyo tunavyochonga," ulisema. "Ubao haushuki moja kwa moja. Unaulaza kwa ukingo, unachonga kulia, unachonga kushoto."

Mama akakuambia, "Mwanangu, chakula si cha kuchezea." Shangazi naye akadakia, "Kuchonga ni ya pembe za fahali wa kupigana. Huyu anachonganga ugali!" Tulicheka mpaka Ruth, aliyekuwa bado na sare ya shule, akatokwa na machozi. Usiku ule nilikupenda mbele ya watu wote. Silifichi.

Kabras haina theluji. Lakini nyuma ya kiwanda kulikuwa na mlima wa makapi ya miwa iliyokwisha kukamuliwa, mweupe kwa jua, mrefu kupita paa la ghala. Uliutazama kama mtu mwenye njaa anavyotazama sufuria ya mwenzake. Jumapili moja, mitambo ikiwa imezimwa ili irekebishwe, mlinzi alikufungulia lango kwa sababu ya cheo chako, nasi tukakufuata tukiwa bado na nguo za kanisani. Wakata-miwa waliokuwa wakipumzika kando ya trela zao wakaja kutazama.

Ulishuka wewe kwanza. Nitakupa haki yako: ulikuwa mzuri wa kutazama. Ulichora mlima ule kwa mikunjo mirefu, vumbi jeupe likiruka nyuma ya visigino vyako, na wakata-miwa wakapiga miluzi. Mmoja wao, Makokha, akauliza kwa sauti, "Injinia, wazungu walikulipanga kwa hiyo, ama ni wewe uliwalipa?"

Kisha ukanigeukia. Nilikuwa nimekuambia mapema kwamba sitaki. Uliniita kando ukaniuliza kwa upole, kwa ile sauti ya mtu anayekuonea huruma, "Mwalimu, unaogopa wanafunzi wako watakucheka?" Na mimi, niliyesimama mbele ya madarasa yenye watoto hamsini bila kutetemeka, nikapanda.

Ulinifunga miguu wewe mwenyewe. Ukaniambia niegemee visigino. Makokha akapaza sauti kutoka chini, "Mwalimu, ukianguka tutakukula na sukari!" Nikacheka, nikaachia.

Mkunjo wa kwanza ulitii. Sijawahi kuisahau raha ya sekunde ile: mwili mzima uliegemea hewa na hewa ikaubeba. Mkunjo wa pili, ukingo wa ubao ukazama mahali palipolowa. Mlima ukanitupa. Kamba moja ikakatika, mguu mmoja ukabaki umefungwa, ukazunguka njia yake peke yake, na chini ya makapi palikuwa na bomba la chuma ambalo hakuna aliyelijua. Nilisikia mfupa kabla sijausikia uchungu. Kisha kamba ya pili ikaachia, na ubao ukaendelea na safari bila mimi, ukielekea mtaro wa maji machafu ya kiwanda.

Fredrick, sikulaumu kwa kuanguka kwangu. Nilipanda kwa miguu yangu, na apandaye huteleza. Wala sikulaumu kwa bomba, maana hukulitia wewe. Ningekuwa na kisa cha mguu tu, leo ningesimama hapa nikatamka neno linalotakiwa, nikaketi nikala na wageni.

Lakini ulikuja unakimbia. Nilikuona unakuja, nikainua mkono. Ukanipita.

Ulinipita karibu kiasi kwamba makapi uliyoyatimua yaliniingia mdomoni. Ulikuwa unaukimbilia ubao. Wakata-miwa, watu waliokuwa wakinitania dakika moja kabla, walikuwa tayari wamenizunguka, na Makokha alikuwa amevua shati lake kunifunga nalo. Ni yeye aliyekuita: "Wewe Injinia! Mtu ni huyu hapa! Mbao itajiokoa!" Hukugeuka. Uliudaka ubao ukingoni mwa mtaro. Ukapanda polepole ukiufuta kwa leso, ile leso niliyokudarizia herufi za jina lako, ukausimamisha kando ya kichwa changu, ukapitisha kidole ukingoni, ukasema, "Haujaharibika."

Kisha ukanitazama. "Nilikuambia visigino."

Nililazwa juu ya trela ya miwa nikapelekwa hospitali mjini, kichwa changu kikiwa kwenye paja la Ruth. Wewe ulikaa mbele na dereva. Nilipokuwa bado nimefungwa plasta, nilianza kuletewa maneno. Kiwandani ulisema, "Alipanda mwenyewe, nilimkataza." Kanisani ulisema, "Walimu hawafundishiki." Hapo ndipo nilipojua kwamba ufundi wako wa kuchonga hauishii kwenye theluji, unachonga maneno vizuri zaidi. Mwishowe ukamtuma mama yako aje avunje uchumba wetu, aseme kwamba mke asiyesikia ni mzigo. Alisimama mlangoni akayasema huku akitazama miguu yake mwenyewe. Yeye nilimhurumia.

Sasa umemgeukia Ruth. Si msichana wa sare tena. Ni karani kwenye mzani wa kiwanda, na madereva wa matrekta humwogopa. Amekupenda. Nalisema hili mbele ya kikao kwa sababu kuna watakaosema nimemsemea. La. Ruth anakupenda, amenieleza kwa kinywa chake, na alipokuwa akieleza uso wake ulikuwa uso wangu wa usiku ule wa obusuma.

Nilimsimulia habari ya ubao. Yeye alikuwapo, lakini siku ile alikuwa akinitazama mimi, hakuona ulikokimbilia. Akanijibu, "Dada, alishtuka tu. Mtu akishtuka hushika kitu chochote." Nilitaka kumwamini. Kweli nilitaka. Wazee walipoanza kusema juu ya kikao hiki nilijiambia: huenda mtu hujulikana kwa miaka yake, wala si kwa mbio zake za siku moja. Niliazimia kuridhia. Nilimwambia Mchungaji hivyo, naye yupo hapa.

Ndipo ukaja Jumamosi iliyopita kumtembelea. Nilikuwa chumbani nasahihisha madaftari, mlango ukiwa wazi, na hukujua kwamba nipo. Mlima wa makapi umekuwa mkubwa zaidi siku hizi, kwa kuwa miwa imezidi. Ulikuwa unamweleza Ruth jinsi mlima huo ulivyo mzuri baada ya mvua. Ruth akakuambia, "Hapana, Fred. Mimi naogopa. Mguu wa dada nauona kila siku." Nikangoja useme jambo ambalo mtu yeyote angesema. Kisha nikaisikia ile sauti ya huruma, haijabadilika hata kidogo: "Unaogopa makarani wenzako watakucheka?"

Na Ruth akacheka kidogo, akasema, "Basi tutaona."

Fredrick, hukushtuka siku ile. Hivyo ndivyo ulivyo. Unatafuta aibu ya mtu ilipo, unaibonyeza mpaka apande, na akianguka unakwenda kuangalia chako. Leo ni ubao. Kesho atakuwa mjamzito na utataka jambo lingine, naye atasema naogopa, nawe utamuuliza nani atamcheka. Ataanguka. Wakati huo hakutakuwa na wakata-miwa karibu.

Watasema ni wivu. Waseme. Watasema mwanamke anayechechemea hapendi kuona wengine wakicheza. Hayo yamesemwa na bado nimefika kazini kila asubuhi. Linaloniuma ni moja: Ruth hatanishukuru. Ataniona mtu niliyemnyima maisha yake, na huenda atabaki hivyo mpaka tuzeeke. Nimeliwaza hilo wiki nzima. Nalichagua, kwa sababu dada anayenichukia akiwa mzima ni bora kwangu kuliko anayenipenda akiwa amelala chini, mkono ameuinua, nawe unampita.

Usimtumie salamu. Usimngoje kwenye mzani. Mimi sitakuandikia tena, na nikikukuta njiani nitakuamkia kama tunavyoamkia wapita njia wote, kwa kuwa nililelewa vizuri.

Kwaheri, na njia yako isikutane na ya nyumba yetu.

Dada yake Ruth.

Baba Mdogo, Mchungaji, wazee wa pande zote mbili: barua imefika mwisho, na neno mliloniitia ni hili. Sijaridhia. Siwaombi mlijadili, kwa maana desturi iliyonileta mbele yenu haikuwaachia nyinyi neno hili, imeniachia mimi. Mazungumzo haya yafungwe leo. Wajumbe wetu wa Iguhu hawana kosa, wasiondoke na njaa. Ingokho, kuku wa heshima, ameiva, wale washibe. Wakishakula, vijana wawafungulie ng'ombe waliokuja nao, wawasindikize mpaka barabarani kukiwa bado na mwanga. Nawe Baba Mdogo, utakapomwita Ruth kutoka jikoni, usimwambie kwamba ukoo umekataa. Mwambie ni mimi.