Mwanangu Hakwenda Kuzika, Sasa Hana wa Kushindana Naye

Mpendwa mshauri, Mama Tusajigwe, pokea salamu nyingi kutoka hapa kwetu Iringa. Mimi sijambo, baba Sosthenes hajambo ila magoti yanamsumbua na baridi hii, mwanangu Sosthenes mzima, mkwe wangu Tumpe mzima naye anakusalimia sana kwa sababu ni wa huko kwenu Mbeya, mjukuu wangu Blessing alikuwa anakohoa ila sasa anacheza, na bibi mzaa baba yupo, anakula vizuri, ni masikio tu. Sijui ninyi huko. Baada ya salamu naomba msaada wako, na unisamehe mwandiko, shule niliiacha mapema.

Sosthenes ni fundi magari, na Jumapili baada ya misa ana huu mchezo wa kukimbiza gari, si ule wa kuzunguka porini, ni huu wa magari mawili kusimama sambamba, mtu anashusha kitambaa, wanakanyaga mafuta mpaka kwenye mapipa, aliyetangulia ndiye mshindi, basi, unaisha kabla hujamaliza Salamu Maria. Wanafanyia kwenye uwanja wa vumbi njia ya Idodi, kijiji kiliwaruhusu, na watazamaji wanakaa mbali nyuma ya kamba. Zamani walikuja wengi, hata wa kutoka Mbeya, mimi na Tumpe tulikuwa tunawapelekea makande, lakini wakawa wanapungua, na yeye kila Jumapili anarudi amenuna, mara mafuta yamepanda, mara gari dogo limepangwa na lenye injini kubwa, mara unakaa juani kutwa nzima ili ukimbie mara moja, na hayo ni kweli, hata wenzake walikuwa wanalalamika, lakini walikuwa wanakuja huku wanalalamika.

Kilichowaondoa wote ni msiba. Crispin, ndiye anayeshusha kitambaa na ndiye aliyewaunganisha tangu mwanzo, alifiwa na baba yake, Mzee Edmund, akazikwa Jumamosi, na vijana wote wa magari walikwenda, wengine ndio waliochimba kaburi, isipokuwa mwanangu, alikuwa chini ya gari anafunga giaboksi kwa ajili ya kesho yake. Mimi nilikwenda, nikaulizwa yuko wapi. Yeye alisema ametuma rambirambi kwa simu, imetosha. Jumapili akaenda uwanjani, akawasha gari, akasubiri, hakuna mtu, ndipo akampigia Crispin kumuuliza mbona hajaja na kitambaa. Tumpe alikuwa pembeni akasikia. Crispin alimjibu tu, "Kaka, matanga hatujaanua," akakata simu.

Tangu hapo hakuna anayekuja. Nilimwambia aende akahani hata kama amechelewa, akaniambia, "Mama, hayo mambo yenu ya wazee. Hao wameogopa gari langu." Sasa kuna mtu wa Mbeya, simjui, wanaandikiana kwenye simu, amemwambia kama Iringa wanaume wamekwisha basi wakutane barabara kuu, kile kipande kilichonyooka huko Mbarali karibu na njia ya Ubaruku, nawe unapajua, malori ya mpunga hayakatiki pale. Wamepanga mwisho wa mwezi. Mwenzangu, sina mtoto mwingine aliyebaki. Nauliza, nifiche ufunguo, au niende kwa Crispin nimwombee msamaha kimyakimya bila mwenyewe kujua, ili warudi uwanjani, maana vumbi lile nililichukia lakini nilikuwa nalala usingizi? Baba yake anasema nimwache, mwanaume akishakua amekua. Nakuomba unijibu haraka, kabla mwezi haujaisha, hata kwa mistari miwili.

Mama Sosthenes, Iringa

MAMA TUSAJIGWE ANAJIBU

Kamwene, Mama Sosthenes. Tumpe mwambie salamu zake nimezipata. Pole kwa hofu uliyonayo, ina sababu.

Ufunguo usiufiche. Mwanao ni fundi, atawasha gari kwa waya huku wewe unaukumbatia ufunguo chini ya mto.

Kwa Crispin pia usiende kumwombea. Wewe ulishazika. Sosthenes ana mke na mtoto, na mtu wa umri huo hahani kwa mdomo wa mama yake. Ukienda utapewa kiti, utapewa chai, utashukuriwa, na Jumapili uwanja utakuwa mtupu vilevile, kwa sababu aliyekosa hajaonekana. Habari za mafuta na injini kubwa ni za kweli, siku moja watazizungumza wenyewe. Jua la kutwa walilivumilia. Kuulizwa kitambaa kaburi likiwa bichi, hapana.

Nawe nakugombeza kidogo. Ulimwambia mara moja, akakujibu vibaya, ukanyamaza, ukaja kuniandikia mimi jambo unalolijua tangu ukiwa msichana. Mwite tena wiki hii, na baba yake akae hapo hapo. Magoti hayazuii mtu kusema.

Aende kwa Crispin siku ya kazi, gari alibakize nyumbani. Aanze kwa mama mfiwa, akae chini, aseme, "Mama, sikuja kumzika mzee. Nimekosa." Asiongeze neno. Uwanja asiutaje, Jumapili asiitaje. Aulize kama kaburini kuna kazi iliyobaki, kufyeka au kujengea, na aifanye kwa mikono yake. Wenzake wakirudi kwenye mchezo, vizuri. Wasiporudi, asiwadai, maana hakwenda pale kutafuta washindani.

La barabara kuu halihitaji ushauri wangu. Dereva wa lori la mpunga hakualikwa kwenye mashindano, wala watoto wake. Mwambie Sosthenes mbele ya Tumpe kwamba akitoka siku hiyo utawapigia trafiki na kuwatajia namba ya gari, na akitoka, piga kweli. Tumpe naye mpeni nafasi aseme, yeye ndiye angevaa nguo nyeusi.

Atakununia, pengine mpaka Krismasi. Mpikie, umwache akae mezani amenuna.