Vitesi ya Tatu ya Yaya Mbombo

Yaya Mbombo, dada yangu mkubwa,

Gari yako inatembea. Naanza na hilo kwa sababu hata pale hospitali, sauti ikiwa imekwisha kupungua, ulikuwa unaniuliza kama tumeifunika vizuri.

Unakumbuka ilivyokuwa inalia? Ukitoka vitesi ya pili kwenda ya tatu, pale kwenye kona ya shule, bwati ya vitesi, lile sanduku la gia, ilisaga kama mtu anayetafuna changarawe. Mtaa wetu wote wa Dilala ulijua kwamba Mbombo amerudi na wauza samaki wake kutoka ziwani Nzilo. Mama alikuwa anainuka papo hapo kuweka maji ya bukari, ule ugali wetu, motoni.

Baada ya mazishi mume wangu, Ilunga, alisema tuiuze vipande vipande. Sikumbishia, sikukubali pia. Halafu Mama Véro akaja kututazama. Wewe ndiye uliyekuwa unambeba yeye na wenzake na beseni zao. Siku hizi wanapanda juu ya malori ya makaa, wanakaa juu ya magunia, na mmoja wao alianguka akavunjika mkono. Hakuniomba kitu. Alikunywa chai, akapita nje akaigusa gari mlangoni, akaenda. Kesho yake nilimwita Tata Kalala.

Jirani yetu huyu, uliyekuwa unamsumbua kila mara gari ikigoma, amezeeka. Miaka yote aliyofanya kazi kwenye gereji ya mgodi imemwachia mikono, lakini macho yameingia ukungu. Kwa hiyo yeye alikaa kwenye kigoda, mimi nikalala chini ya gari, nikafungua kile alichoniambia nifungue. Bwati tuliishusha juu ya tairi kuukuu, tukaifungulia kwenye meza ya mama. Ile mafuta nyeusi ilipomwagika, yaya, harufu yake ilikuwa ya kitambaa chako cha kichwa. Nikashindwa kuendelea. Tata Kalala akasema taratibu, "Lia tu, mama. Lakini utunze tule tuchuma tudogo, tusipotee."

Aliupata ugonjwa wa bwati kwa ncha za vidole. Ni pete ya shaba, ile inayopunguza mbio za gia ili mbili zikutane bila kugombana. Meno yake yalikuwa yameisha, laini kama mdomo wa kikombe. Binamu yetu alitutumia mpya kwa basi kutoka Lubumbashi.

Mara ya kwanza tulikosea. Gari iliingia vitesi ya kwanza ikakataa kutoka, ikabidi tushushe kila kitu upya. Nilikaa kwenye vumbi nikafikiri Ilunga atasema, si nilikwambia. Alikuwa ametoka kanisani na shati lake jeupe. Alilala chini kando yangu, akaibeba ile bwati kifuani ili mimi niiingize vizuri. Lile shati halikutakata tena, na hajalitaja mpaka leo.

Nilikwenda kuijaribu gari kwenye barabara ya Nzilo, kule ulikonifundisha, mkono wako juu ya mkono wangu. "Usiikamate na kasirani, Kapinga. Sikiliza kwanza." Nikasikiliza. Ya tatu ikaingia kimya, kama kisu kwenye siagi.

Niliporudi mama alikuwa nje anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua kichwa. Nilisimamisha gari mlangoni kabisa, bado hajui. Aliponiona alinitazama sana, akasema, "Siyasikia kitu." Akabeba beseni lake akaingia ndani.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Sauti yako ya mwisho katika nyumba hii, nimeitoa kwa mikono yangu. Nilibaki garini, nikawaza hata kuirudisha pete ya zamani. Nilimwambia Tata Kalala, na hakunicheka. "Ile makelele ilikuwa bugonjwa," alisema. "Mbombo alikuwa anaivumilia tu."

Ulivumilia mengi, yaya. Mengine tuliyajua tukiwa tumechelewa.

Leo tunakwenda Nzilo, safari ya kwanza bila wewe. Mama Véro na wenzake wamekwisha kupanda nyuma, nawasikia wanasukumana na beseni. Na mama, ambaye tangu ufe hakutaka hata kuegemea gari hii, amekaa kiti cha mbele na mkoba wake magotini. Hakumwambia mtu kama anakwenda. Ananingoja.

Nakuahidi sitawabeba kupita kiasi, na giza halitanikuta njiani nao. Mtoto wako Ngalula, miguu yake ikifika kwenye pedali, nitamfundisha mimi, bila kumkaripia, mkono wangu juu ya wake. Naye nitamwambia ni nani aliyenifundisha.

Pumzika sasa, yaya. Tumekwisha kuwasha.

Mudogo wako,
Kapinga