Jiwe la Ajuza Lililo Juu ya Meko Yako

Shamba la Balnacraig,
Glen Corrach,
Uskoti.
3 Novemba

Mpendwa binamu Torquil,

Salamu kwanza, maana hasira haijanisahaulisha adabu. Hujambo? Mkono wa Shangazi Jessie umepona? Huku tu wazima, isipokuwa Baba Mdogo Dougal, ambaye kifua kimembana tangu Septemba na sasa anatembelea fimbo mbili. Kondoo wamenona. Kazi yangu ya kujenga nyua inakwenda vizuri. Nimenunua lori la pili.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Ulipokuja Julai nilikupandisha mwenyewe mpaka kwenye kijumba cha Ajuza kule mlimani. Nikakusimulia jinsi yule mama wa baridi, anayeshusha theluji kwa fimbo yake, alivyofika bondeni mjamzito, yeye na mumewe, watu wakawajengea nyumba, naye akaahidi kwamba malisho hayatakauka maadamu familia yake inatunzwa. Uliyaona mawe tunayoyatunza kama wao wenyewe, yametolewa nje kuota jua: Ajuza, mumewe, watoto wanne. Sita. Ukalia, Torquil. Nikadhani ni machozi ya heshima.

Siku ya mwisho ya Oktoba tulipanda kuwarudisha ndani wasipigwe na baridi, kama Baba Mdogo alivyofanya kila mwaka tangu ujana wake. Siku hizi haoni vizuri, kwa hiyo huwapapasa mmoja mmoja. Akapapasa, akasimama.

"Effie, kitinda mimba yuko wapi?"

"Labda kondoo wamemsukuma, Baba Mdogo."

"Kondoo hawachagui."

Tulitafuta mpaka mvua ikatufukuza. Jirani yetu Archie, ambaye hajawahi kuishiwa ushauri, akasema, "Okoteni jingine mtoni. Nani atajua? Ajuza mwenyewe ana miaka elfu, macho yamekwisha."

"Yangu ndiyo yamekwisha," Baba Mdogo akamjibu, "na nimejua."

Akakataa kuufunga mlango. Nyumba haifungwi mtoto akiwa nje, anasema. Mwaka huu alitaka aifunge mara ya mwisho, kisha anikabidhi kazi hiyo. Sasa kila asubuhi anataka kupanda kuangalia, na kifua kile. Nimemfichia fimbo moja.

Jana binti wa Archie akanionyesha picha uliyoweka mtandaoni. Jiwe letu, juu ya meko yako huko Kanada, limeoshwa mpaka linang'aa, limevalishwa kofia ya sufu. Umeandika, "Kipande cha nyumbani."

Nyumbani kwa nani? Babu wa babu yako alifukuzwa kutoka bonde hili na mwenye ardhi, na hakubeba hata kokoto.

Halafu zile buti. Uliziacha kwangu ukasema ni zawadi. Nimezipima: kilo mbili na nusu. Jiwe lile halizidi hapo. Kumbe ulikuwa unapunguza mzigo wa ndege, nami nikakushukuru, nikakufungia na jibini.

Usinijibu kwamba hata mimi siamini mambo haya. Kweli, mimi naamini dizeli na misumari. Lakini mzee anaamini, na neno nililompa ni langu.

Usije, wala usitume jiwe la huko linalofanana. Lizungushie blanketi, ulitume kwa ndege wiki hii. Kuvumwani, yale majani laini yanayoota juu ya miamba, na udongo wa kuzibia mlango viko tayari pale juu, chini ya turubai. Kilele kimeshaanza kuwa cheupe.

Msalimie Shangazi Jessie, na umsomee barua hii kabla hujashika kalamu. Wasalimie pia mapacha. Paa lenu lisivuje, na moto wenu usizimike baridi nzima.

Baba Mdogo hajui kwamba ni wewe. Nimemwambia mtoto ameonekana, yuko mahali salama, atarudi kabla ya theluji. Akauliza kama huko alikolala kuna joto.

Akupendaye, ila si wiki hii,
Effie