Ugali Niliompa Mbwa

Jumatatu, 4 Agosti 1952

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, lifunge. Ukishindwa kulifunga, lisome peke yako na usimsimulie mtu hata neno moja. Si mkeo, si padri.

Zimebaki siku kumi na mbili kabla ya mtihani wa makarani bomani. Nimesoma hesabu kurasa sita kabla ya king'ora cha mgodi. Kisha ofisini, kuandika majina ya wanaoshuka shimoni. Mchana, barua za Kiingereza. Kahawa nyeusi vikombe vitatu. Sijala. Shuleni Tabora tuliambiana kwamba tumbo likishiba kichwa hulala. Naamini hivyo.

Nimeacha kwenda shikome, kula na wanaume wengine kuzunguka moto. Wanaongea sana. Sasa Mama Kabula, mjane aliyenipangisha chumba, ananiletea ugali mlangoni. Jirani yetu, Mzee Masanja, amesema mtu anayekula peke yake ana jambo.

Ugali wa leo nimempa mbwa wa Mama Kabula, nyuma ya choo. Sahani nimeirudisha safi. Mama alifurahi.

Alhamisi, 7 Agosti

Mbwa sasa ananisubiri. Mikono inatetemeka. Orodha ya asubuhi nimeirudia mara mbili.

Athumani, karani mwenzangu, ameniuliza: "Wewe unasomea mtihani au umefunga Ramadhani ya peke yako?" Akanipa kipande cha muhogo. Nikakifunga kwenye karatasi. Sikukila. "Lala, ndugu yangu," akasema. "Kitabu hakina miguu."

Naye anafanya mtihani huu huu. Anakula, analala, anacheza mpira. Namdharau kidogo. Namwonea wivu zaidi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeanguka. Mbele ya foleni nzima ya wachimbaji, kalamu mkononi.

Nilipofumbua macho nilikuwa kwenye benchi la zahanati. Mganga akauliza nimekula nini. Watu wamejaa mlangoni. Ningesema kweli: sijala cha maana wiki nzima, kwa hiari yangu. Karani msomi, anasusa chakula kama mtoto aliyenuna. Bwana Mkubwa wa mgodi angesikia, angelifuta jina langu kwenye mtihani. Nikasema, "Nilikula ugali wa Mama Kabula."

Basi. Sikuongeza neno. Hawakuhitaji jingine.

Jumatano, 13 Agosti

Mama Kabula ana macho mekundu. Ni moshi wa kuni, miaka yote ile jikoni. Lakini huku kwetu kila mtu anajua husemwa nini juu ya mwanamke mzee mwenye macho mekundu: mchawi.

Leo hakuna aliyekwenda kuomba moto kwake. Alipofika kisimani, wanawake walibeba mitungi yao nusu tupu wakaondoka.

Mzee Masanja akaja ofisini. "Usiogope, kijana. Jumamosi wazee tunakwenda kwa mfumu. Atapiga ramli, atatuambia nani kakufanyia hivi."

Nilipaswa kusema pale pale. Nikasema, "Ahsante, baba."

Naandika tena ili nilione. Nilisema ahsante.

Jioni Mama Kabula aliniletea uji. Akasimama mbali na mlango. "Utakunywa, mwanangu? Au nionje kwanza mbele yako?" Nikanywa wote. Sikuweza kumtazama.

Ijumaa, 15 Agosti

Lori la kwenda bomani liliondoka saa tatu. Njia ya kuliendea inapita mbele ya nyumba ya Mzee Masanja. Nilipita njia ya mtoni, ndefu, yenye tope. Nikajiambia nitasema nikirudi.

Mimi ni mwoga. Sina neno jingine.

Jumamosi, 16 Agosti

Mtihani. Hesabu haikunisumbua. Katika insha walitaka tueleze jinsi mfanyakazi anavyotunza afya yake. Nikaandika kwamba ale kwa wakati, alale vya kutosha, asijitenge na wenzake, na akizidiwa aseme mapema. Kurasa mbili. Mwandiko mzuri, hakuna hata tone la wino. Nilikuwa nayajua yote.

Saa zile zile wazee walikuwa kwa mfumu.

Jumapili, 17 Agosti

Nimerudi. Mfumu amesema adui anakaa karibu na jiko. Mama Kabula amepewa mpaka Ijumaa awe amehama. Mwaka juzi mwanamke wa ng'ambo ya mto aliambiwa hivyo hivyo, akakataa. Sote tunajua alivyokutwa.

Jua lilipotua nikaenda shikome. Nikasema yote. Mbwa, sahani, zahanati, njia ya mtoni.

Mchimbaji mmoja akasema, "Ndiyo maana mbwa yule kanenepa kuliko mnyapara." Wakacheka mpaka machozi. "Karani wa Mbwa, karibu kiti!" Niliwashukuru moyoni. Nilidhani kicheko kimemaliza jambo.

Mzee Masanja hakucheka. "Kijana amelishwa dawa ya kumtetea," akasema. "Mtazameni anavyotetemeka."

Ilikuwa njaa. Wengine walinisadiki mimi, wengine yeye. Nusu haitoshi. Mtu hawezi kulala kwa amani kwa nusu.

Jumanne, 19 Agosti

Nimempigia magoti Mama Kabula. Alikuwa anafunga vyungu kwa majani makavu.

"Nilijua," akasema. "Mbwa wangu hajawahi kukataa makoko ya chungu. Wiki ile alikataa." Akafunga chungu kingine. "Nilikuwa nangoja useme, mwanangu."

Alijua. Alijua hata siku ile alipotaka kuuonja uji. Sijawahi kuona aibu kama hii, na naistahili.

Alhamisi, 21 Agosti

Ameondoka kwa lori la pamba. Anakwenda Kahama, kwa binti yake Kabula, mtaa wa Nyasubi. Nilimbebea vyungu. Hakuna mwingine aliyekuja ila Athumani, aliyebeba godoro. Mama alinipa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa. Nikala pale pale, mikavu, mbele yake, mpaka lori likaondoka.

Maneno nayo hupanda malori. Kwa hiyo, wewe uliyefika mpaka hapa: ukiwa Nyasubi ukasikia watu wananong'ona juu ya mjane aliyetoka huku kwenye mgodi, niite. Nitakuja kusema tena, mbele ya yeyote. Mpe barua dereva yeyote wa lori la pamba anayepita kambi yetu. Asubuhi nipo ofisini, dirisha la kwanza. Jioni nipo shikome, nakula. Usihangaike na jina langu la ubatizo, wachache wanalikumbuka. Andika tu Karani wa Mbwa. Itanifikia.