Nyumba ya Mama

Muhuru Bay, 14 Juni

Ndugu yangu Oliver,

Huku tuko, na mvua imeozesha omena yote niliyoanika; hata kisamaki kimoja hakikukauka. Najua huko Doha mnaitamani hiyo mvua.

Kesi ya Mama tulishinda. Jaji alisoma Katiba, akasema wote waliobomolewa nyumba kwa ajili ya barabara wajengewe na kaunti. Mama ndiye aliyemwambia siku alipotoa ushahidi, "Mheshimiwa, hata kuku wangu ana banda." Lakini hukumu ilitoka wiki mbili baada ya kumzika.

Kuna jambo sikukuambia kwenye simu. Unajua kwetu mwanamke aliyeolewa hazikwi kama hana nyumba yake bomani. Kwa hiyo baba wadogo walikata miti asubuhi, na kufikia saa nane mchana chumba kilikuwa kimesimama, na mabati juu. Mama alilala humo usiku mmoja, ndani ya jeneza. Miaka mitatu alikuwa amelala chini ya turubai hadi kifua kikammaliza, na hakuna aliyekumbuka kwamba nyumba ni kazi ya nusu siku. Hata mimi. Hata wewe.

Jana afisa wa kaunti alikuja na orodha ya wa kujengewa. Akauliza nyumba ile ni ya nani. Nikajibu ni ya Mama, maana ndivyo tunavyoiita. Kabla sijaendelea, alikuwa ameshaandika: "Mlalamishi ana nyumba."

Sikumsahihisha.

Dada yako,
Kezia