Kila Picha na Dirisha Lake

Jumatatu, 4 Machi
Kompyuta ya studio imeganda tena. Mzee Flashi, mpiga picha wetu, kachagua picha zote za harusi kwa mkupuo, kabofya kulia, kachagua "Tia Kashani" kwenye menyu. Kasha ni programu yangu ya kuhifadhi picha. Ikafunguka mara mia nne — kila picha na dirisha lake! Bosi kasimama nyuma yetu, mikono kiunoni. Nisipoitengeneza programu hii, anasema, ataitupa. Haya.

Jumanne, 5 Machi
Nimemaliza kabla ya chakula cha mchana. Sasa Kasha likiwa wazi, la pili likitaka kufunguka linajifunga lenyewe. Dirisha moja tu, linaandika "Tayari". Nimejaribu kwa picha moja. Safi!

Alhamisi, 7 Machi
Mzee Flashi kapiga mahafali ya wauguzi. Katia Kashani, kaona "Tayari", kafuta kadi ya kamera, kaenda nayo kazi nyingine. Kadi tunayo moja tu, ndivyo tunavyofanya siku zote.

Ijumaa, 8 Machi
Wauguzi wamekuja. Kashani mna picha moja — viti vitupu. Makelele! Mzee anaapa alichagua zote. Bosi anasema umri umemtupa mkono, haoni anachobofya. Mimi nikajitia kufunga waya.

Jumamosi, 9 Machi
Nimejaribu kwa picha ishirini. Imeingia moja. Kumbe menyu inafungua Kasha upya kwa kila picha; la kwanza linapokea yake, mengine yanajifunga na picha zao mkononi. Mzee alichagua zote. Kosa ni langu.

Marekebisho ni mistari michache: kila Kasha, kabla ya kujifunga, likabidhi picha yake kwa la kwanza. Nimetia mia nne, zote zimo. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 11 Machi
Bosi kajaribu mwenyewe mbele yetu. Zote zimeingia. Mnaona, anasema, programu haina tatizo, tatizo ni mtu. Kamwambia mzee akusanye vitu vyake. Halafu kanigeukia: au kuna jingine? Nikasema sijui. Sijui!

Mzee anafuta lenzi zake moja moja, anazifunga kwa kitambaa. Naandika haya mezani nisimtazame. Kaniuliza, eti mwanangu, kweli nilichagua moja? Macho haya siyaamini tena.

Nimemshikia begi atie lenzi. Kasema ahsante, hapa ndani mwenye utu ni wewe tu.

Bosi bado yumo ofisini, mlango wazi —