Mafundo Mawili

Ijumaa, tarehe 2

Mke mwenzangu,

Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika, la kulia limeshazoea. Wewe je, unakula? Usinijibu "nakula" tu ukadhani umemaliza; mara ya mwisho ulikuja hapa na shingo kama ya bata.

Barua yako nimesomewa na Mizani wa dukani. Unajua kwa nini tunamwita Mizani: kilo yake haijawahi kufika kilo. Ndiye anayeandika na hii, nami nimemwambia aandike kila neno, hata hilo. Amekunja uso nyuma ya miwani yake, lakini anaandika.

Sasa niambie. Mle ndani ya barua yako mlikuwa na kimbunga? Maana Mizani alisoma salamu vizuri, kisha ghafla kimbunga, kisha "Bibi, nunua misumari, kamba na mafuta ya taa." Tangu lini wewe ukaniagiza misumari? Na misumari anauza nani? Yeye. Kamba? Yeye. Mafuta ya taa nisikuambie.

Mwaka juzi walipita na kipaza sauti, tukapandishwa wote shuleni kilimani kama mbuzi wa mnada. Kimbunga kikapita mbali, kikaenda zake. Nilirudi nikakuta jiko langu linatazama mbingu, mabati sita hayapo. Wiki ile ile Mizani akawa na mabati ya kuuza. Nimesema wiki ile ile. Andika, mwanangu, usirukeruke.

Simu hatuna tangu radi ipige mnara, na mafundi wao ni wa kesho, kesho. Mimi kusoma sijui; mtu akinisomea ni kama ananilisha nimefumba macho, naweza kumeza hata mchanga. Kwa hiyo nijibu kwa njia ambayo mdomo wa mtu haupiti katikati. Dereva wa gari la mkate ataleta.

Mimi wako,
Bibi

Jumatatu, tarehe 5

Shikamoo Bibi,

Nakula, na shingo imeanza kupotea, utafurahi. Goti la kushoto lipake mafuta, usilisemeshe tu.

Bibi, kimbunga ni changu, si cha Mizani. Misumari pia niliiagiza mimi. Hapa ofisini kila baada ya saa tatu tunaletewa habari za mahali kilipo, nami natia alama kwenye ramani kwa kalamu nyekundu. Alama zimejipanga kama siafu, na zinakuja kwenu. Kwa mwendo wake kitafika Alhamisi jioni. Alhamisi alfajiri uwe umeshaanza kupanda kwenda shuleni. Usingoje kipaza sauti.

Njia uliyotaka ndiyo hii. Ndani ya bahasha nimeweka uzi mwekundu, kama ule unaohesabia siku za kuku kuatamia. Una mafundo mawili. Unajua mwenyewe: kila asubuhi unafungua fundo moja, kuanzia Jumanne utakapoupata. Siku utakayoamka uzi umenyooka, usifagie, usichemshe kitu. Panda.

Uzi hauna mdomo, Bibi.

Mjukuu wako

Jumanne, tarehe 6

Mke mwenzangu,

Nina hasira, kwa hiyo ujue mimi mzima kabisa. Wewe hujambo?

Nimemshika mtu mchana kweupe. Bahasha niliifungua mwenyewe, uzi nikaubana kwapani, karatasi nikampa Mizani. Akasoma, akasoma, alipofika kwenye siku akakohoa. Akasema, "Bibi, mjukuu wako anasema uondoke leo hii. Kimbunga kinapiga kesho asubuhi."

Nikamwambia, "Rudia."

Akarudia.

Ndipo nikautoa uzi. "Mwanangu, fundo moja nimelifungua sasa hivi. Hili lililobaki ni la nani, la mama yako?"

Jasho likamtoka kama mtungi mpya.

Nimeshamwelewa. Anataka tutoke mapema, mtaa ubaki mtupu siku mbili badala ya moja. Na mkokoteni wake ameupaka grisi magurudumu, nimeuona nyuma ya duka. Wa kubebea nini? Chumba changu kina mabati kumi na mawili, na yeye anajua kuhesabu. Sitoki. Nitatoka Alhamisi uzi ukinyooka, kama ulivyosema wewe. Madirisha nimeyapigilia mbao. Misumari nimenunua kwake. Dazeni yake ina kumi na mmoja, usishangae.

Haya yote ameyaandika yeye kwa mkono wake. Nimeweka kidole gumba changu chini ili asiongeze.

Bibi yako

Dada, hapa chini ya kidole ni mimi mwenye duka. Gari linapiga honi, naandika mbio. Uliandika Alhamisi, nimeona. Lakini redio ya asubuhi imesema kimbunga kimeongeza kasi, kinapiga kesho. Nikimwambia ni redio, hatoki. Nikimwambia ni mimi, ndiyo kabisa. Nikaona nilitie neno mdomoni mwako, maana wewe anakuamini. Maneno ya uzi niliyaruka. Sikujua kwamba alishautoa kwenye bahasha. Nifanyeje?

Jumanne, tarehe 6, jioni

Shikamoo Bibi. Na wewe Mizani, msomee hii yote, usiruke kitu.

Bibi, anasema kweli. Jana nilihesabu vizuri, lakini alfajiri ya leo kimbunga kikakaza mwendo, na dereva alikuwa ameshaondoka na uzi wangu. Fundo lililobaki halina kazi tena. Likate. Ondoka sasa hivi, hata bila viatu. Ni kweli alinisingizia neno ambalo sikuliandika, lakini neno lenyewe ndilo sahihi. Langu ndilo limegeuka uongo.

Nimemkimbilia dereva wa mkate na barua hii mkononi. Amezima gari. Askari wamefunga barabara, hakuna anayeshuka pwani. Nimembembeleza, nimemlilia, ananitazama tu kama mtu anayetazama msiba wa jirani. Sasa naandika ili mkono usikae bure.

Alama yangu ya mwisho iko upana wa kidole kutoka kwenu. Bibi, unayempinga kila siku, leo tu usimpinge.

Mjukuu wako

Jumatatu, tarehe 12

Mke mwenzangu,

Niko hai. Kaa chini, ulie kidogo, halafu uendelee kusoma. Wewe umelala hata siku moja tangu ile Jumanne? Mwandiko huu ni wa mwalimu wa shule ya kilimani. Mzuri, lakini mwenyewe ana maswali mengi.

Jumatano niliamka nikafungua fundo la pili. Upepo ulikuwa unapapasa mlango. Nikajisemea, ni kesho, mjukuu wangu hakosei. Nikakaa juu ya sanduku, kuku nimewafunika na tenga, mwiko mkononi, namngoja mwizi wa mabati. Yakatangulia maji. Yalipita chini ya mlango polepole, kama mgeni mwenye aibu. Halafu mwizi naye akaja.

Akaupiga mlango teke. Nami nikampiga mwiko wa kichwa, miwani ikaruka ikaenda na maji. Akasema, "Bibi, nipige ukiwa umekaa kwenye mkokoteni!"

Nikachungulia nje. Mkokoteni umejaa magunia matatu ya sukari, ndiyo mali pekee aliyoiwahi dukani. Nikamuuliza, "Nikae wapi, juu ya kichwa chako?"

Mjukuu wangu, mtu yule amenipunja kiganja kwa kiganja miaka kumi na tisa. Aliuinamisha ule mkokoteni, magunia yote matatu yakaingia majini, nami natazama. Hakugeuka hata kuyaangalia. Akanibeba kama mzigo wa kuni, mimi na tenga langu, akasukuma.

Bila miwani haoni hata pua yake. Kwa hiyo mlima mzima mimi ndiye niliyesoma njia. "Kushoto! Shimo hilo! Kulia, we mtoto, huo ni mti!" Tulipofika geti la shule nikatazama nyuma. Nyumba yangu imebaki kuta mbili. Duka lake hata nilipotafuta mahali lilipokuwa sikupaona.

Ijumaa upepo ulitulia. Tumekaa sakafuni darasani na sahani zetu, nikaona siwezi kuendelea kutafuna na jambo lile rohoni. Nikamuuliza habari za mabati ya jikoni. Akatazama sahani mpaka chakula kikapoa.

"Bibi, manne ni mimi."

"Na mawili?"

"Mawili siyajui, haki ya Mungu."

Nimemwamini. Mtu akitaka kudanganya husema hapana kwa yote sita. Nimemwambia nitamsamehe siku atakayoyapigilia mabati manne juu ya jiko jipya, kwa misumari dazeni kamili. Sasa natafuta wa yale mawili. Yumo humu humu darasani, nawatazama mmoja mmoja wanavyokula.

Barua yako ya Jumanne dereva ameileta leo, mwalimu amenisomea. Acha kujilaumu. Uzi ulisema kweli siku uliyoufunga, na kimbunga hakijui kuhesabu mafundo.

Tuma miwani ya Mizani. Iwe ya mtu mwenye kichwa kikubwa. Akishaipata, barua zako atanisomea yeye, si mwalimu. Na akiongeza neno lake, mwache aongeze, nitalisikiliza.

Lakini uzi tuma pia.

Bibi yako